Mjadala: Nyumba za Jean Prouvé zilizotolewa Niamey na Brazzaville zirudishwe?

Mleta mada:
Msimamo wangu nautanguliza: angalau moja kati ya zile tatu irudi Afrika.

Kwa asiyezijua, Prouvé alikuwa fundi chuma wa Nancy, Ufaransa. Ndiye aliyebuni kiti cha mwaka 1934 ambacho miguu ya nyuma ni minene kuliko ya mbele, kwa kuwa uzito wa mkaaji hulemea nyuma. Akili hiyohiyo aliitia kwenye nyumba za makoloni ya Ufaransa: vipande vya chuma na alumini vilivyotengenezwa Maxéville, karibu na Nancy, vyepesi vya kupakiwa kwenye ndege na kuunganishwa vikifika. Paa mbili, moja juu ya nyingine, hewa ya moto itoke katikati. Vizuia jua pembeni. Vidirisha vya duara vya kioo cha buluu. Moja ilikwenda Niamey, Niger, mwaka 1949, mbili Brazzaville, Kongo, mwaka 1951. Mradi ukaishia hapo, gharama zilikuwa kubwa mno.

Baada ya nusu karne, mfanyabiashara wa Paris, Eric Touchaleaume, akazinunua, akazifungua, akazipeleka Ufaransa. Juni 2007, kampuni ya mnada ya Christie's huko New York ikainadi moja kwa karibu dola milioni 5.

Mchangiaji:
Irudi kwa nani? Waliokuwa nazo waliuza. Vita vya Brazzaville viliziachia zile za huko matundu ya risasi, na kutu ilikuwa inazila. Asingezichukua, leo tungekuwa tunabishania vyuma chakavu. Halafu ni mali ya kikoloni, ya nini kuililia?

Mleta mada:
Kwamba zimeokolewa, nakubali, na ufundi uliotumika kuzikarabati nauheshimu. Ila soko la Prouvé liko Paris na New York. Mtu wa Niamey angejuaje bei ya paa lililo juu ya kichwa chake? India ilipoona viti vya msanifu Pierre Jeanneret kutoka ofisi za mji wa Chandigarh vinauzwa minadani Ulaya, serikali ilipiga marufuku mwaka 2011 kuviuza na kuvitoa nchini. Kwetu hakuna aliyeziorodhesha nyumba hizi mapema kama urithi.

Na huo ukoloni ndio unaonifanya nizitake zirudi. Mwaka 2008 moja ilisimamishwa nje ya jumba la sanaa la Tate Modern, London. Paa mbili za kupooza joto, kando ya mto Thames! Mgeni pale alisifu umbo tu; hakuweza kupima kama Prouvé alifaulu au alishindwa. Mwanafunzi wa usanifu wa Brazzaville angeingia humo saa saba mchana akajua papo hapo, na pengine akachukua kilicho bora akajengee watu wake.

Centre Pompidou, jumba la sanaa la Paris, inayo moja. Ianze hiyo, hata kwa mkopo wa muda mrefu. Anayepinga mkopo huo alete sababu yake hapa.