Tupeane uzoefu: siku ya joho, kadi za wageni ni mbili tu, wewe ulimpa nani?

Bint Kuze:
Asalaam alaykum wenzangu, na wengine wote hamjambo. Msimu wa mahafali ndo huu ushaingia, ukipita bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa jioni hukosi mtu na joho lake apigwa picha, na kila mtaa una nyumba yapika. Kwetu pia tumejaaliwa, mdogo wangu amaliza mwezi ujao chuo kimoja cha kimataifa huko Nairobi, uhusiano wa kimataifa ndo alosomea, na ni wa kwanza upande wa mamangu kufika chuo. Sasa amepewa kadi mbili za wageni. Mbili! Na wenye haki ya kuwa ndani kwetu ni kama hivi, kuna mama, kuna baba ambaye yeye na mama waliachana zamani lakini karo alikua analeta kila akipata, kuna nyanya aliyemlea mpaka akamaliza darasa la nane, na kuna mjomba alouza kiwanja chake Mtwapa mwaka wa pili karo ilipokwama kabisa. Haya nani aachwe hapo? Nikiuliza watu naambiwa ni sherehe tu hiyo, wataona YouTube. Mie sikubali. Mtu ameuza kiwanja halafu umwambie atizame kwa simu? Basi mliopitia haya, nyinyi wenyewe ama watoto wenu, semeni mlifanyaje, kadi mlimpa nani na aliyebaki alichukuliaje. Si lazima iwe Nairobi, iwe TUM (chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa), iwe Chuo Kikuu cha Pwani, iwe nje ya nchi, leteni tu.

Mwana wa Changamwe:
Waalaykum salaam. Hongera kwa mdogo wako kwanza. Mimi nimesoma USIU, chuo cha kimataifa pale Kasarani, Nairobi, na uzuri wa vyuo kama hivyo darasani mko watu wa kila pahali, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini, Nigeria, na wengi wao siku ikifika wazazi hawawezi kuja, tikiti ya ndege ghali, wengine viza, wengine huko kwao hakujatulia. Kadi zao zakaa tu. Mwambie mdogo wako aulize darasani mapema kabla watu hawajaombana.

Mimi nilipata kwa msichana wa Kongo tulokua kikundi kimoja cha projekti, akanipa kadi zake zote mbili, kwa hivyo mamangu na babangu wakaingia na mama mkubwa na ami yangu pia wakaingia. Lakini nilimwambia mamangu, huyu binti hana mtu wake leo. Mamangu akaniuliza jina lake kamili laitwaje, nikamwandikia kwa karatasi kwa herufi kubwa, basi njia nzima kwenye treni kutoka Miritini yeye yuwalisoma tu polepole asije akalipita likitajwa. Na kweli lilipotajwa alisimama na leso yake akapiga vigelegele mpaka wazee wa mbele wakageuka, na mama mkubwa akampokea. Yule binti alikua ashapita kwenye jukwaa, akasimama, akawa anatafuta ni nani. Baadaye nje alimkumbatia mamangu hakumwachilia. Mpaka leo akipiga simu haanzi na mimi, anaulizia mama kwanza, na Idi ilofuata alikuja Mombasa akakaa kwetu. Kwa hivyo ukipewa kadi ya mtu mpe na watu pia, usichukue karatasi tu.

Dada wa Likoni:
Huyo mama mwenye karatasi nimempenda wallahi 😭

Mama Tudor:
Mimi naongea kama mama. Mwanangu wa pili alipomaliza tulienda tisa, kadi mbili. Tulikua tushaambiwa mapema tusijazane lakini utamwambia nani abaki. Kadi alipewa baba yao na nyanya, mimi mwenyewe nikakaa nje, na sikulazimishwa, nilisema nyanya ni mtu mzima hawezi kukaa juani na mimi nina watoto wengine in sha Allah nitaingia zamu nyingine. Nje kulikua na tenti na skrini, tukatandika leso tukala mahamri yetu na mbaazi tulobeba kutoka nyumbani, na pembeni yetu familia ya Machakos na nyingine ya Busia, tukagawana chakula, kila jina la mtoto wa mmoja wetu likisomwa twapiga kelele wote. Mimi sikujiona nimeachwa hata kidogo.

Ila nitakwambia kitu kimoja, mtoto akitoka ndani aje kwa walioko nje kwanza kabla ya kwenda kupiga picha na marafiki. Wangu alikuja mbio, na nyanya yake naye ashatoka ndani, akalivua joho akamvika juu ya buibui. Nyanya alilivaa mpaka tukalazimika kumwomba maana dirisha la kurudishia majoho lilikua lafungwa na ukichelewa wakatwa pesa.

Mjomba wa Bamburi:
Nisameheni nitakua mkali kidogo. Mimi ndo yule mjomba wa nje. Nimelipa karo ya binti wa dadangu toka fomu tatu mpaka chuo, si yote, lakini palipokwama nilisimama. Siku ya mahafali sikujua. Sikuambiwa kadi zimekwisha, sikuambiwa samahani, sikuambiwa chochote, nimeamka asubuhi nafungua WhatsApp naona picha kwa stetasi za watu, joho, maua, keki, na watu wengine waliosimama pale hata hawajui alikua asomea nini. Nilikaa na hiyo simu muda mrefu.

Bint Kuze nisikilize, kiti si kitu. Mimi ningeambiwa mjomba viti havitoshi lakini jua kwamba leo ni yako, ningefurahi nikaendelea na kazi zangu. Kilichoniumiza ni kunyamaziwa. Kwa hivyo huyo mjomba wenu wa Mtwapa, umpe kadi usimpe, nendeni kwake nyinyi wenyewe, huyo mtoto aende kwa miguu yake, akae, amwambie. Si meseji. Na mwende kabla, msingoje iwe baada.

Bint Kuze:
Mjomba pole sana, na shukran kwa kusema. Hili nimelichukua.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, mnaposema chuo cha kimataifa mnaangalia Nairobi na ng'ambo, lakini hapa Tudor tulikuwa nacho zamani. Baba yangu alisoma MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), chuo kilichofunguliwa 1951 kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima, na wenzake wa bweni walikuwa wa Unguja, wa Tanganyika na wa Uganda. Mchango mkubwa wa kukijenga ulitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na hapo ndipo mimi nikapita kusomea umeme. Mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapata hati yake kamili, ndiyo TUM mnayoijua.

Mwaka juzi mjukuu wangu amevaa joho kwenye kiwanja kile kile. Baba yangu hakuwahi kuvaa joho, mimi nilipewa cheti ofisini nikatia sahihi nikaondoka. Siku hiyo nilimwomba mjukuu tuzunguke kwanza kabla ya sherehe kuanza, nikamwonyesha mlango wa karakana niliyofanyia mazoezi, bado upo, rangi tu ndiyo imebadilika. Kuhusu kadi, waulizeni wazee wenyewe. Watu wanagawa nafasi bila kuwauliza wenye nafasi. Mimi nilipoulizwa nilisema apewe mama yake, mie jua la saa tano na hotuba ndefu siviwezi tena, na tulipomaliza kuzunguka nilirudi nyumbani nikiwa radhi kabisa.

Kaka wa Kisauni:
Nimesoma zote nikafikiri niandike ama niache. Kwetu hakukua na kadi wala ukumbi. Ndugu yangu alikua Khartoum, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, mwajua pwani hii watoto wengi wamepita pale, akiwa mwaka wa mwisho. Vita vikaanza tarehe 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani. Mara ya mwisho kuongea alisema wamejifungia bwenini maji yamekatika, halafu simu ikawa haipatikani. Mamangu alikua hafungui futari mpaka ajaribu kumpigia. Mwisho walipata basi, wakaenda mpaka mpakani Gallabat wakavuka Metema upande wa Ethiopia, na ndo tukasikia sauti yake. Alifika nyumbani na begi moja la mgongoni, nguo na msahafu na chaja, karatasi zake zote za chuo zilibaki.

Sasa baada ya muda mamangu akasema afanyiwe sherehe. Watu wakasema sherehe ya nini na cheti hana? Hakuwajibu. Jirani yetu alokua amemaliza TUM akatuazima joho kabla hajalirudisha, lilikua fupi maana ndugu yangu ni mrefu, lafika magotini. Mama akapika pilau, mwalimu wake wa madrasa akaja akasoma dua, akina mama wakamvisha shada la asumini, na jirani mmoja akasoma jina lake kwa sauti kama wanavyosoma chuoni, jina la baba, la babu, na somo alilosomea. Ndugu yangu alikua hataki mwanzo, aona kama adanganya watu. Jina liliposomwa akalia. Baadaye aliniambia kuna wenzake wa darasa mpaka leo hajui waliko.

Hivi sasa anasoma chuo kingine hapa Kenya, masomo mengine walimhesabia na mengine ameanza upya, na mimi nasema akimaliza atafanyiwa tena, ya pili, kubwa zaidi. Wenye watoto wenu na kadi mbili mkononi, nendeni, hata kama ni mbili.

Mama Tudor:
Allah amtilie wepesi. Mwambie mamako amefanya jambo kubwa sana.

Dada wa Likoni:
Amin. Mimi langu ni dogo baada ya hilo ila litawafaa wenye zamu mwaka huu. Jamani hakikisheni jina liko kwenye orodha kabla ya kukata tikiti! Mimi chuo sikitaji, lakini nilifanya mitihani yote, nikalipa mpaka shilingi ya mwisho, kliaransi nikapigiwa mihuri yote, laibrari, fainansi, idara, na wiki ya mwisho orodha yatoka jina langu halipo. Alama za somo moja hazikuingizwa. Mhadhiri asema alipeleka, ofisi yasema haikupokea. Babangu alikua ashawaambia msikiti mzima, masufuria ya biriani yashakodishwa, mamangu mdogo ashatoka Lamu. Nilipigwa na ganzi. Nilivaa joho mwaka ulofuata na hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo, na hiyo ni haki yangu waliyonichelewesha, kuna kazi niliikosa kwa kukosa cheti mwaka huo.

Kwa hivyo orodha ya mwanzo ikibandikwa, nenda mwenyewe utizame. Jina liwe sawa na la kitambulisho herufi kwa herufi, maana sisi majina yetu Mohamed, Muhammad, Mohammed yatuponza kila siku. Alama zikikosekana andika barua, upige nakala, wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukiambiwa njoo kesho muulize jina lake huyo anokwambia.

Bint Kuze:
Dada hilo la muhuri kwenye nakala nimeshamtumia mdogo wangu sasa hivi.

Niwape habari basi. Jana tulienda Mtwapa mimi na yeye, Mjomba wa Bamburi ulivyosema. Mjomba alikua kisimani, akaosha mikono akaketi, mdogo wangu akamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kadi apewe mama na baba, waketi pamoja siku moja kwa ajili ya huyu mtoto, yeye atakuja na nyanya watakaa tentini. Kisha akauliza nauli ya treni ni ngapi siku hizi na kama yafaa aje na kanzu. Mwenzake mmoja wa Malawi pia amesema wazazi wake hawana uhakika wa kuja, atajua wiki hii. Mama na baba kuketi pamoja sijui tutalianzaje, hilo bado, lakini baba nimempigia na amesema atakuja.

Mwana wa Changamwe:
Kanzu yafaa sana, na abebe sweta, Nairobi asubuhi baridi. Na huyo wa Malawi msimsahau hata kama wazazi wakija.

Mpigapicha wa Mama Ngina:
Mimi huwaona nyote mkishamaliza huko ndani, haihitajiki kadi kwangu, njooni na mtaa mzima. Wengi wanofika kwetu ni wale hawakuingia ukumbini. Juzi kulikua na baba mmoja kaja na nguo za kazi za bandarini, zamu yake ilikua haijamruhusu, akawa asimama mbali asema mpigeni mtoto tu mie mchafu. Binti alimfuata akamvuta kwa mkono, na hiyo ndo picha waliyochagua ikuzwe iwekwe ukutani. Nawaomba mje kabla ya saa kumi na moja jioni, mwangaza ni mzuri na foleni ya picha haijawa ndefu, na kofia zishikeni, upepo wa pale waondoa kofia kila siku twazikimbilia.

Kaka wa Kisauni:
Na majoho mwakodisha hapo?

Mpigapicha wa Mama Ngina:
Joho hatukodishi, mtu aje na lake kabla hajarudisha chuo. Lakini wewe ndugu yako akimaliza nipigie, mimi ntalitafuta lenye urefu wake.