Napenda kulenga shabaha ila hela ya mawazo, wenzangu mnafanyaje?

DagaaMkavu
Mwangaluka wakuu. Niko Mwanza, naishi Buhongwa, shughuli zangu ziko pale mwaloni Kirumba na biashara ya dagaa mnaijua, wakati wa giza hela inaonekana, mwezi ukiwaka tu mitumbwi inapaki na mfuko nao unapaki. Sasa mimi starehe yangu si bia wala mpira, ni kulenga shabaha. Nina bunduki ya upepo ile ya kukunja mtutu, polisi wanaitambua na karatasi zake ninazo kwa hiyo hapo msinihukumu. Siwindi ndege wala nini, napiga makopo na karatasi.

Tatizo ni virisasi. Nikikaa Jumamosi asubuhi, hadi saa nne, nusu kopo la virisasi limeshaondoka, na kununua kopo lingine inabidi nipunguze hela ya matumizi halafu mama watoto ananiangalia kwa jicho lile. Jamaa mmoja kaniambia nifanye mazoezi ya kufyatua tupu, yaani bila kirisasi, ndani chumbani kwangu, bure kabisa. Mwingine ni mvuvi, anasema nichukue zile risasi za kwenye nyavu, vile vyuma vizito vya kuzamishia, niyeyushe nitengeneze vya kwangu. Makopo nayapanga juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, nafasi ninayo ya kutosha. Nishaurini.

Kipusa_wa_Igoma
Uza hiyo bunduki ongeza mtaji wa dagaa 😂 natania mkuu, ngoja wajuzi waje.

MtutuBaridi
Mkuu DagaaMkavu kabla hujaendelea acha vitu vitatu leo leo.

Kwanza hiyo ya kufyatua tupu. Huyo jamaa yako kasikia kwa wenye bastola na raifo za kawaida, wao wanafanya sana na nyingi hazina shida ingawa zile ndogo za .22 nyingi pini inagonga ukingo wa chemba inaharibika. Yako ni ya springi. Ukifyatua bila kirisasi, pistoni inakimbia mbele haikuti upepo wa kuizuia, inajigonga kwenye chuma, baada ya muda sili ya kuziba upepo inakufa au springi inakatika. Utatafuta spea Mwanza nzima hupati, utaagiza Dar, na hapo ndo utajua bure ni ghali.

Pili kuyeyusha risasi za nyavu. Achana nayo kabisa. Moshi na vumbi la hiyo madini ya risasi ni sumu na kwa watoto ni mbaya zaidi, inagusa ubongo, sasa we unayeyusha kwenye jiko la mkaa uani ambapo mama watoto anapika ugali? Halafu kirisasi cha upepo kina kiuno chembamba na sketi nyuma inayotanuka kushika mtutu, hiyo kwa kijiko na jiko huitengenezi ukapata kitu kinachoenda sawa. Hata hivyo vya dukani ukimaliza kuvishika nawa mikono kabla hujala.

Tatu jiwe. Mkuu hapa Mwanza kila nyumba ina jiwe nyuma na kila mtu anaona ndo ukuta wa bure. Kirisasi kikigonga jiwe kinarudi, na hujui kinarudi upande gani. Tafuta sanduku la mbao au ndoo kubwa ya rangi, jaza matambara ya mitumba yashindilie sana, mbele bandika karatasi yako. Virisasi vinabaki humo humo, hamna kelele, na jirani hamwiti mwenyekiti wa mtaa.

DagaaMkavu
Duh asante kiongozi, ya springi sikuwahi kuisikia. Ila sasa kama kufyatua tupu siwezi, mazoezi bila hela nafanyaje?

Bi_Shabaha
Kaka yangu shida yako sio virisasi, ni haraka. Nusu kopo kwa asubuhi moja hiyo siyo shabaha, hiyo ni sherehe.

Angalia wanaocheza kwenye Olimpiki, bunduki ya upepo mita 10. Karatasi yao duara zima lina upana wa milimita 45.5 na pointi kumi ni kinukta cha nusu milimita. Kwenye mchujo mtu anapiga risasi 60 na anapewa saa 1 na dakika 15. Piga hesabu, ni zaidi ya dakika nzima kwa risasi moja, na wale ndo mabingwa. Muda mwingi mtu anashusha bunduki chini anapumua, akiona mkono unacheza hapigi, anaanza upya. Hiyo kunyanyua na kushusha haina gharama hata senti.

Mimi nafanya hivi. Natoa virisasi kumi tu mezani, kopo nalifungia kabatini pamoja na tamaa yangu. Kila kimoja nakipitisha vidoleni, chenye sketi iliyobonyea naweka pembeni cha kupigia kopo. Kila nikipiga, kabla sijaenda kuangalia karatasi nachora kwenye daftari naona kimeenda wapi, juu kushoto, chini, vile. Ndo naenda kulinganisha. Ukianza kujua kimeenda wapi kabla hujaona, hapo umeshaanza kuwa mpigaji, na kumi zinakuchosha kuliko mia za kukurupuka.

Na hiyo springi usiikabe. Inaruka kabla kirisasi hakijatoka mtutuni, sasa ukiibana leo kwa nguvu kesho kidogo, kila risasi inaenda kwake. Ilaze kwenye kiganja kama umeshika kifaranga, siku zote vile vile. Aina ya virisasi nayo usibadilishe badilishe.

Halafu piga alfajiri. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia, ukiwa umbali wa mita 30 kirisasi chepesi kinasogea pembeni na wewe unadhani umekosea kulenga.

MtutuBaridi
Bi_Shabaha umemaliza dada. Naongezea, yule Mturuki Yusuf Dikeç kule Paris 2024, miwani ya kawaida na mkono mfukoni, yeye na mwenzake wakaondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo, timu mchanganyiko ya mwanaume na mwanamke. Watu wanadhani bila vifaa vya ajabu huwezi. Ingawa nayo bastola yake usidhani ni ya bei ya mwaloni.

Ng'wana_Magu
Mnasahau manati jamani. Mwezi ukiwaka funga bunduki kabatini shika manati. Panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, fundi baiskeli anakupa gololi za beringi zilizochakaa kwa soda tu. Ning'iniza blanketi zito kuukuu ndani ya boksi liwe linachezacheza, gololi inapiga inadondoka chini, unaokota unapiga tena mwezi mzima. Vuta mpaka kwenye shavu, sehemu ile ile kila siku, kanuni ni zile zile za Bi_Shabaha. Vizibo vya soda ndo shabaha yangu.

Kipusa_wa_Igoma
Manati ni ya watoto bana

Ng'wana_Magu
Piga kizibo mita 10 mara tatu mfululizo ndo urudi hapa.

DagaaMkavu
😂😂 Wakuu nimeelewa. Sanduku nalitengeneza kesho, mbao za maboksi ya samaki zipo. Ng'wana_Magu swali moja, mpira unaukata upana gani? Nilijaribu zamani gololi inakwenda kushoto tu.

Ng'wana_Magu
Upana wowote unaouweza kuvuta bila kutetemeka ila pande zote mbili ziwe sawa, weka rula kata kwa wembe sio mkasi. Ukiona umeanza kupasuka kwenye fundo tupa, ukikatika unakurudia machoni. Na miwani vaa, hata ile ya bodaboda.