Maski ya maji kwenye bodi ya gari la rimoti: inachanika na rangi inapenya, nakosea wapi?

likoni_rc

Habari zenu wadau. Niko Mombasa, nina gari la rimoti la kipimo cha 1/10, chesisi Tamiya M-06 na bodi ni ile ya Volkswagen Type 2, ya plastiki angavu inayopakwa rangi kwa ndani. Nia yangu niifanye nganya kamili, yaani matatu iliyopambwa, moto unaanzia mbele unapanda ubavuni mpaka madirisha ya nyuma halafu jina kwa herufi kubwa. Tepu nilishatumia kwenye bodi nyingine, mstari ulionyooka unatoka safi lakini ndimi za moto hapana, ukiipindisha tepu inajikunja na rangi inapita kwenye mikunjo. Ndio nikaambiwa nitafute maski ya maji, ile dawa unapaka kwa brashi ikikauka inakuwa ngozi kama raba, unakata mchoro kwa kisu, unabandua, unapuliza. Kaka yangu yuko Dubai akaniletea chupa moja.

Jumamosi nimepaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, katikati nikangoja saa moja, halafu baada ya masaa mawili nikaanza kukata maana ukigusa kwa kidole haishiki. Kubandua sasa ndio balaa, inachanika katikati kama karatasi iliyolowa, vipande vingine vimeng'ang'ania kwenye kona za taa na bampa nikawa navichokoa kwa ukucha. Nikapuliza nyekundu PS-2, rangi ya kopo ya Tamiya ya bodi hizi, hivyo hivyo, kugeuza bodi niangalie kwa nje, ncha zote za moto zimetambaa, rangi imeingia chini ya maski milimita mbili tatu hivi. Roho imeniuma kwelikweli, bodi hizi hapa kwetu hazipo dukani, unaagiza na unangoja.

Naomba mnisaidie: mikono mingapi, ingoje muda gani, na huu unyevu wa pwani una neno? Na hiyo nyekundu iliyopenya inatoka au bodi ndio imekwenda?

fundi_magomeni

Pole sana mkuu. Niko Dar, unyevu ni ule ule, na bodi yangu ya kwanza ilikwenda hivyo hivyo. Masaa mawili hayatoshi hata kidogo. Ile dawa inakauka kwa maji kutoka, sasa hewa yenyewe imeshiba maji, mwezi wa nne na wa tano huku hata nguo kwenye kamba zinalala mbichi, yale maji ya dawa yaende wapi? Juu panajifunga ngozi unaona tayari, chini bado uji. Kidole kinagusa juu tu ndio maana kimekudanganya. Angalia rangi yake badala ya kugusa, ukipaka ina ukungu kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu unaona mpaka upande wa pili. Ukiona ukungu hata kwenye kona moja usishike kisu. Mimi nalaza usiku mzima, masika nalaza siku mbili chumba chenye feni, feni ipulize chumba isipulize bodi maana vumbi linaganda humo humo.

Mikono miwili ni michache. Mimi napaka minne, wakati mwingine mitano, wa kwanza kwa urefu wa bodi, wa pili kwa upana, hivyo hivyo kwa zamu, na kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Brashi iwe pana na laini na usiisugue sugue, ukisugua unatengeneza povu, povu likikauka linaacha tundu dogo kama la sindano na rangi itapita hapo hapo. Ukimaliza shika bodi mbele ya taa uangalie, ukiona kitundu dondoshea tone moja.

Halafu bodi uliiosha? Watu wengi wanaruka hapa. Inatoka kiwandani na mafuta ya kwenye umbo lake, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kausha, baada ya hapo usiingize vidole ndani tena. Maski ikikaa juu ya mafuta inanyanyuka pembeni na rangi inapata njia.

Na kile kipande cha ziada kinachozunguka bodi chini, kile utakachokikata baadaye, usikikate mapema. Ni plastiki ile ile, paka maski pale, kata, bandua, puliza, ndio sehemu ya kujifunzia bila kuumiza bodi. Mimi bila kufanya hivyo kwanza sigusi mchoro.

ngong_eabrashi

Nakubaliana na fundi kwenye kukausha, kwenye mikono mitano hapana, angalau si kwa mchoro wenye ncha kali kama moto. Ngozi ikiwa nene sana unalazimika kukandamiza kisu ndio ipite, ukikandamiza unachora plastiki yenyewe, na polikaboneti, yaani plastiki hii, ikishachorwa mstari ndio hapo itapasuka siku gari likigonga ukingo. Nimeona bodi nzuri sana imepasuka ikifuata mchoro wa moto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama imekatwa kwa makusudi. Pia ngozi nene inaacha ukuta, rangi inajikusanya pembeni ya ukuta na ukibandua unabaki na tuta.

Mimi namimina dawa ndani ya bodi, nazungusha pole pole mpaka ishike kila mahali, inayobaki nairudisha chupani kwa kuichuja na kipande cha soksi ya nailoni, halafu nainamisha bodi isituame kwenye paa. Mara tatu hivyo inatosha na inakaa sawa kuliko brashi. Wenye bunduki ya rangi wanapuliza, ila kwa eabrashi, ile bunduki ndogo ya kuchorea, yenye nozeli ya milimita 0.3 usijaribu, itaziba.

Kisu kiwe na bledi mpya kabisa, zile zenye ncha kali za kuchongea, na badilisha hata katikati ya kazi. Ukisikia kisu kinavuta badala ya kuteleza kimekwisha. Uzito wa mkono uwe ule wa kisu chenyewe tu, unakata ngozi, hukati bodi. Na kata mistari YOTE kabla ya kupuliza rangi ya kwanza, kwa sababu rangi ikishafunika maski mchoro huuoni tena. Ukishakata unabandua sehemu ya rangi ya kwanza tu, unapuliza, inakauka, unabandua ya pili.

fundi_magomeni

Hapo kwenye kuchora plastiki umesema kweli ngong, nami nimewahi kupasua moja hivyo. Basi tuseme mitatu mpaka minne, kipimo kiwe kwamba inabanduka nzima bila kuchanika, ukishafika hapo acha kuongeza.

Likoni hiyo kupenya pia imechangiwa na namna ulivyopuliza. Rangi za PS zina thina kali inayoikamata plastiki, ukilowanisha mkono wa kwanza unaogelea na kutafuta upenyo. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, kama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, uone kama vumbi la rangi ambalo halijaziba. Acha dakika kumi. Wa pili vile vile. Hiyo mikono miwili inaziba ukingo wa maski, baada ya hapo ndio ujaze. Na kabla ya kupuliza pitisha kijiti laini cha mti kwenye kingo zote uzilaze.

likoni_rc

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa nilivyoharakisha. Maswali mawili tena. Jina la ubavuni niliandike kinyume? Na rangi zangu ni nyeusi ya mstari unaozunguka moto, nyekundu, njano, halafu zambarau gari lote, nianze na ipi?

ngong_eabrashi

Jina ukiliandika kwa ndani ni lazima liwe kinyume kama kwenye kioo. Njia rahisi, ile filamu nyembamba iliyobandikwa nje ya bodi usiitoe, chora juu yake kwa kalamu ya maka, kwa nje, jina linasomeka kawaida. Geuza bodi, unaona mstari kupitia plastiki, unakata ukiufuata na hakuna cha kukumbuka. Pembeni ambapo hiyo filamu imeanza kunyanyuka pitisha tepu, la sivyo rangi inaingia chini yake na kuchafua nje.

Kuhusu rangi, kumbuka unapaka kinyumenyume, ya kwanza kupulizwa ndio itakayokuwa mbele kwa mtu anayetazama. Anza na nyeusi ya mstari. Halafu nyekundu, halafu njano. Njano ukiiacha peke yake na zambarau ikaja nyuma yake itageuka tope, kwa hiyo kabla ya zambarau pulizia nyeupe PS-1 nyuma ya njano na nyuma ya nyekundu, ndio zinang'aa. Zambarau mwisho. Kama ni zile rangi za kupitisha mwanga, mgongo wake unakuwa fedha, PS-12. Madirisha stika zake zikae mpaka mwisho wa yote, ukizitoa unaweza kupuliza PS-31 ile ya moshi, mkono mmoja mwepesi, vioo vinakuwa vya giza kama nganya yenyewe.

mzee_ruwi

Assalaam alaykum wanangu. Niko Maskati miaka mingi, shida yangu huku ni ya upande wa pili, joto. Kiangazi linapita digrii 40, maski inakauka juu kwa dakika chache na kufungia maji chini, kama alivyosema huyu wa Magomeni ila sababu ni nyengine. Na ukiiacha juani wiki nzima inakuwa ngumu na kukatika vipande vipande. Msiweke bodi juani kuharakisha kazi. Draya ya nywele kwa mbali na kwa moto mdogo sawa, lakini uisogeze sogeze, bodi nyembamba ikipata joto sehemu moja inapinda na hairudi.

Likoni, nyekundu iliyopenya usiiguse na thina wala asetoni hata tone. Hii plastiki ni polikaboneti, Lexan ni jina lake la biashara tu, lilikuwa la General Electric, na tangu 2007 kitengo chao cha plastiki kilinunuliwa na SABIC ya Saudi Arabia hapa jirani. Asetoni inaitia weupe na nyufa ndogo ndogo papo hapo, na dawa za kusafishia vioo zenye amonia pia si nzuri kwake. Rangi za maji kama Faskolor ungeweza kuzitoa kwa kijiti cha meno na spiriti kidogo ikiwa bado changa. PS imeshakamata plastiki, kwa hiyo kwangua kidogo kidogo kwa kijiti cha mti kilichochongwa bapa, usitumie chuma. Itakayobaki ifunike, kwa nje juu ya plastiki pitisha mstari mwembamba mweusi wa stika kuuzunguka moto. Bodi haijaharibika mwanangu, usiitupe.

Jengine, hakikisheni kopo limeandikwa PS. Nimeona watu wananunua TS kwa sababu rangi zinafanana na kopo linafanana. TS ni ya plastiki ngumu, kwenye bodi hizi inakauka vizuri, siku ya kwanza gari likigonga inabanduka magamba.

likoni_rc

Wakuu narudi na majibu, zimepita wiki tatu. Ile bodi nilikwangua kama alivyosema mzee, ncha za upande wa kulia zimesafika kabisa, kushoto zimebaki mbili ambazo nitazifunika kwa mstari mweusi. Nikaanza upya sehemu yote ya nyuma ambayo sikuwa nimeipuliza.

Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha ziada kama fundi alivyosema, mikono miwili, mitatu na minne, kila mmoja sehemu yake. Kwa dawa yangu miwili inachanika kila mara, mitatu inabanduka ukienda taratibu, minne inabanduka nzima ukiivuta kwa kuikunja yenyewe juu yake, bila kuinyanyua wima. Nimeenda na minne kwa njia ya ngong ya kumimina. Kukauka imechukua usiku mzima na mchana wote uliofuata, kona ya bampa ndio ilikuwa ya mwisho kutoa ukungu, ningeanza asubuhi ningeharibu tena. Bledi nimemaliza tatu.

Nyeusi imetoka mstari mwembamba kama wa kalamu, hakuna kilichopenya hata kwenye ncha ndefu, nimekaa nikiiangalia kwa taa muda mrefu sana. Nyekundu na njano tayari, nyeupe nyuma yake tayari. Nilipogeuza bodi na kuona jina linasomeka sawasawa niliita watu wa nyumbani wote waje waone.

Zambarau nimepuliza jana usiku. Filamu ya nje bado sijaitoa, mwanangu wa miaka saba ameomba aibandue yeye, nangoja atoke shule Ijumaa.

mzee_ruwi

Mashaallah. Mwambie aanzie kwenye matao ya matairi, hapo ndio inashikika kwa urahisi. Na picha tunazingoja.