Yule wa TV pale Ngamiani, safari hii kanigusa pabaya

Wanatanga, simtaji. Mnamjua: spika nje, barakashia upande, maneno asali. Jana kaniuzia flati ya inchi 22 nitupe chogo langu la 21. Nimeipakata kwenye bodaboda kama mwali. Nafika, napima kwa futi ya cherehani: kimo inchi kumi na kitu! Chogo lilifika kumi na mbili! Inchi zimeenda wapi, Pemba?

Haya, naweka CD ya harusi yangu ya 2004. Watu wote wamevimba. Mama mkwe, mwembamba kama mwiko, kawa mtungi. Namwita yule bwana aje. Kautazama mtungi, kamtazama mama mkwe kakaa mkekani, kasema: "TV haina kosa, dada'ngu. Ndivyo alivyo." Mbele yake! Mkekani! Na kahawa yangu kanywa vikombe viwili!

Kamtazama kwanza, NDIPO kasema. Nani kawaambia TV ilale kama ubao wa jeneza?

FundiWaya: Dada, inchi hupimwa mshazari, kona kwa kona. Kioo kikitanuka, kimo kinaliwa. Harusi yako ilirekodiwa 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu, umbo la filamu alilolianza Dickson kwenye maabara ya Edison miaka ya 1890, TV zikalirithi. Miaka ya 1950 sinema zikajitanua ili watu watoke majumbani, na miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers akapendekeza la katikati, 16:9, ndilo la flati yako; picha ya 4:3 ikivutwa ijaze humo, watu wanavimba. Shika rimoti, chagua 4:3, mama mkwe atapungua.

Mwenye uzi: Hatapungua aibu! Kakaa MKEKANI, Fundi!

KijanaWaMakorora: Vikombe viwili? Mimi ningekunywa vitatu halafu niseme hivyo hivyo 😂

Mpiga_Kasia: Chogo liko wapi? Nataka kutagishia kuku.

BiChumbageni: Heri yako wewe inchi. Mkate wa ajemi bei ile ile, ukiuinua unamwona jirani.

KijanaWaMakorora: Yule wa karibu na stendi?

BiChumbageni: Simtaji. Ufuta anauhesabu.

Mpiga_Kasia: Juzi kanipa wenye ufuta saba. Nimehesabu.

Mwenye uzi: Jamani, mama mkwe kafunga mizigo...

FundiWaya: Saba? Mimi wangu punje tano, na moja ni mchanga.