Telamon alikuwa na haki ya kumfukuza Teucer?

Wakuu, salaam. Nina kesi ya kale ya Wagiriki, hebu tuiamue.

Telamon, mfalme wa kisiwa cha Salamis, ana wana wawili: Ajax wa mke wa ndoa, na Teucer wa Hesione, binti mfalme wa Troy aliyegawiwa kama nyara shujaa Heracles alipouteka mji huo. Vita kuu ya Wagiriki dhidi ya Troy inaanza, wote wawili wanakwenda upande wa Wagiriki. Ajax ana ngao kubwa, Teucer anajibanza nyuma yake, anafyatua mshale, anarudi kujificha. Silaha za marehemu Achilles, shujaa wa Wagiriki, ambazo Ajax alizitaka, zikapewa Odysseus, mwenzao jeshini. Ajax kwa uchungu akajiua. Teucer akarudi peke yake, na baba akamkataa.

Kumwadhibu mtoto kwa kubaki hai? Mzee alikosea. Nawasilisha.

— Mleta mada, kosa si kubaki hai. Amerudi bila ndugu na bila kisasi, huku Odysseus anadunda. Mzee aliwaaga wawili.

— Kisasi kwa lipi? Odysseus hakumgusa Ajax. Tena kwenye tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa kale wa Kigiriki, wakubwa wa jeshi wanapokataza maiti isizikwe, Teucer anawabishia uso kwa uso, na ni Odysseus huyohuyo anayemlainisha Agamemnon, kamanda mkuu wa Wagiriki.

— Mnamjadili baba, mama mmemsahau. Priam, mfalme wa Troy, ni kaka yake Hesione. Teucer kaenda kuwapiga wajomba zake! Kwenye utenzi wa Homer anamlenga Hector, anamkosa, mshale unamuua Gorgythion, mwana mwingine wa Priam. Mtoto wa mjomba huyo! Na Agamemnon, katikati ya kumsifu, anamkumbusha kuwa ni mwana wa nje.

— Malizia basi sentensi ya Agamemnon: mwana wa nje, lakini Telamon alimlea nyumbani kwake. Tena alisikilizwa. Pausanias, msafiri na mwandishi wa kale, anaandika kwamba alijitetea akiwa chomboni, pale Piraeus, bandari ya Athens, kwamba hana mkono katika kifo cha Ajax.

— Alijitetea mbele ya nani? Telamon huyohuyo. Mlalamikaji ndiye hakimu, hapo umetegemea nini?

— Mleta mada narudi. Kinachonishangaza, alipofika kisiwa cha Cyprus akajenga mji, akauita Salamis. Jina la kwa mzee aliyemkataa!

— Sasa ulitaka auite nini mkuu, Troy?