Taa za ziada kwenye Prado, spoti au za kutawanya?

Msafiri_Buchosa: Wakuu habari, natoka Mwanza naenda Buchosa usiku mara nyingi, ukiacha lami ni vumbi na ng'ombe wanakatiza tu, nataka LED, nifunge zipi na wapi?

Fundi_Nyakato: Mkuu spoti inapiga mbali ila pembeni giza, na ng'ombe anatokea pembeni, chukua za kutawanya ufunge chini kwenye bampa, ukiweka juu ya keria mwanga unagonga boneti unakurudia machoni na vumbi linakua ukuta mweupe. Afu usiunge kwenye waya wa taa kubwa! Mbili za wati 60 kwa volti 12 zinakula ampea 10, weka rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri.

Dada_Kirumba: Na ukirudi lami uzizime jamani, mnatupofusha.