Re: Racheti za zamani za kupeleka gereji Moshi

> Wapendwa, salaam kutoka Reading, Uingereza. Jirani yangu mzee amefariki, na familia yake wamenipa boksi la racheti na soketi zilizoshika kutu. Mdogo wangu ana gereji Majengo, Moshi, nataka kumpelekea Desemba. Nilowanishe zote kwenye siki tu?

Dada, pole kwa msiba wa jirani. Siki isubiri kwanza. Futa kila racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaokaza au kulegeza nati kwa kuvuta na kurudisha, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha soma mpini ukiwa dirishani, mwanga uingie kwa ubavu. Chapa za Britool na King Dick ni za huko huko Uingereza. Gedore na Hazet ni za Remscheid, Ujerumani. Ikiandikwa "West Germany", ni ya kabla ya nchi ile kuungana mwaka 1990. Namba ya hataza (patent) haikupi mwaka wa kutengenezwa, maana kiwanda huweza kuigonga ileile miaka mingi.

Soketi, vile vikombe vinavyovaa kichwa cha bolti, ndizo za kukagua kwa makini. Tundu la mraba linaloshika racheti hupimwa kwa inchi hata kwenye soketi za milimita, kwa hiyo racheti ya nusu inchi itafanya kazi na soketi za nusu inchi alizonazo mdogo wako. Lakini zenye alama W au BSF ni za Whitworth, vipimo vya bolti vya zamani vya Uingereza: namba yake inataja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Ya 1/2 W ina mdomo wa milimita 23 na ushee! Kwa Toyota haimsaidii. Kwa Land Rover za miaka ya 1950 ni dhahabu, na Kilimanjaro na Arusha bado wapo wanaozitunza, kwa hiyo usitupe hata moja.

Sasa kusafisha. Racheti ya kijivu iliyofifia, isiyong'aa kama kromu, hasa ya enzi za Vita Kuu ya Pili, huenda imepakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu. Hiyo usiipige msasa wala brashi ya waya, na siki isiiguse: vumbi lake ni sumu. Vaa glavu, ifute kwa mafuta, basi.

Nyingine zifungue kabla ya kulowanisha, la sivyo siki itabaki tumboni. Piga picha, kisha legeza kifuniko mikono yako ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu springi na gololi yake huruka na hutaziona tena. Siki saa chache, sugua kwa mswaki, suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi, kausha papo hapo, paka oili. Ndani usiweke grisi nzito: kidole kinachokamata meno kitanata, racheti iteleze fundi akiwa amevuta kwa nguvu zote, vidole viishie kwenye chuma. Oili nyepesi inatosha. Ibane kwenye jiliwa uivute kwa nguvu kabla hujaifungasha; inayoruka meno isisafiri.

> Asante sana kaka. Mbili ni Britool, moja ya kijivu haina jina. Moja nimeifungua, ina meno 24.

Meno 24 ni nyuzi 15 kila mlio, sawa kwa kazi za gurudumu, ila penye nafasi finyu atasumbuka. Mtumie picha za namba za soketi leo, achague mwenyewe kabla hujalipia kilo. Zote ziende begi la chini, si la mkononi.